Raha ya Kuzuru Kisicho Chako

Mwaka 1790 mwanafalsafa Immanuel Kant, mzaliwa wa mji wa Königsberg, aliwawekea wasomaji wake jumba la fahari na kuwauliza swali linaloonekana jepesi: je, ni zuri? Kisha akaleta watu wa kumjibu. Mmoja anasema hapendi vitu vilivyojengwa ili watu wavikodolee macho. Mwingine ni chifu wa Wairokwa wa Amerika ya Kaskazini, ambaye katika Paris yote hakuona cha maana kuliko nyumba za chakula. Wa tatu, kwa hasira ya mwanafalsafa Rousseau, anawalaumu wakubwa wanaomwaga jasho la watu kwa mambo yasiyo ya lazima. Wa mwisho anasema angekuwa peke yake kisiwani na kibanda cha kumtosha, asingejisumbua kulipata jumba lile hata kama angeweza kulisimamisha kwa kutamani tu. Kant anawakubalia wote, halafu anawaweka kando. Alichouliza ni kama kulitazama tu jumba kunakupa furaha, bila kujali ni la nani, linafaa nini au liligharimu nini. Furaha ya uzuri, kwake, haina maslahi ndani yake.

Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, ni mahali pazuri pa kubishana na Kant, kwa sababu hakuna jumba hata moja la fahari. Kuna misheni kongwe, kuna mashamba yenye migomba, mdalasini na pilipili manga iliyopanda miti, kuna miteremko iliyosimama kama ukuta, na kuna sehemu ambazo mwenyeji atakuonyesha kwa kidevu tu bila kukupeleka. Hata hivyo mtu anaweza kushinda huko kutwa nzima akizunguka na kutazama, akarudi Morogoro mjini jioni ameridhika kama aliyetoka katika makumbusho makubwa. Raha hiyo inatoka wapi? Na je, ni kweli haina maslahi?

Kuna jambo linalonifanya nisite kumfuata Kant. Mji wake uliipa jina manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyoishia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikafungwa magurudumu, ikaburutwa huku na huko katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, Waingereza waliingia Morogoro, na Wajerumani wakarudi nyuma wakipita pande zote mbili za Uluguru kuelekea Kisaki. Vita ile ilibebwa kwenye mabega na vichwa vya wapagazi, ambao wengi wao hawakuandikwa majina popote. Sasa mzinga mmoja wa Königsberg upo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine upo Pretoria. Wageni husimama mbele ya ule wa Mombasa na kupiga picha. Ni chuma kilichofuliwa kwa ustadi, sikatai, na jua la Mombasa linakipendeza. Ila mtu aliyekitazama bila kumwona aliyekiburuta amekiona nusu, na hiyo nusu aliyoikosa ndiyo yenye uzito. Yule mtu wa jasho, ambaye Kant alimwambia asubiri nje, ndiye angefaa kuwa mwongozaji wa watalii.

Hapo ndipo naona Kant amepatia upande mmoja. Amepatia kwamba raha hii haihitaji umiliki. Ukiingia katika nyumba ya kale huwi na haja ya kuinunua, hupimi uwanja, huwazi kodi, na kwa muda mfupi umepumzika kutoka katika kazi ya kuwa mwenye mali. Lakini kuna mtu mwingine anayefurahia kisicho chake, naye tunamjua sana: mgeni. Mgeni hukalia kiti asichokinunua, hula asicholima, na hufurahi bila kutamani kuvichukua. Tofauti ni kwamba mgeni ana mwenyeji. Anabisha hodi, anasubiri, anauliza habari za waliopo na za waliotangulia, na anajua pa kupitisha mguu na pa kutopitisha. Nadhani raha ya kuzuru pa kale ni ya aina hiyo. Mtazamaji wa Kant hana deni kwa mtu yeyote. Mgeni analo, na raha yake haipungui kwa sababu ya deni hilo.

Tuchukue misheni yenyewe. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868, na kutoka pwani wakapanda bara kituo kwa kituo hadi kufika Matombo mwaka 1897. Pale Bagamoyo nyumba ya zamani ya masista imegeuzwa makumbusho: unapita mbele ya vitu vya enzi za utumwa na za misheni, kila kimoja na maelezo yake, na unaonyeshwa ulipopita mwili wa Livingstone mwaka 1874. Ni mahali pa kujifunza, na ningependa kila mwanafunzi wa Tanzania apaone. Matombo ni habari tofauti. Kanisa la Matombo halijastaafu. Ukifika Jumapili utakuta ibada, ukifika Jumamosi unaweza kukuta harusi, na ukifika siku ya msiba utajikuta unapanga foleni ya kuaga mtu usiyemfahamu.

Mwanahistoria wa sanaa wa Austria, Alois Riegl, aliandika mwaka 1903 juu ya ugomvi uliomo ndani ya majengo ya namna hii. Kuna thamani ya ukale, alisema: zile alama za muda, ukuta uliochakaa, jiwe lililolika, ambazo humgusa hata mtu asiyejua historia yoyote. Kuna pia thamani ya matumizi. Hizi mbili hazipatani, maana matumizi hudai ukarabati na ukarabati hufuta ukale. Riegl alikuwa akifikiria miji ya Ulaya, lakini kila mzee wa parokia ya mashambani anaijua shida hii bila kumsoma. Paa likivuja waumini hulowa, na hakuna padre atakayewaambia wavumilie matone kwa sababu mgeni kutoka Dar es Salaam anapenda kutu. Kwa hiyo rangi mpya hupakwa, mabati mapya huja, na msafiri mwenye kamera hunung'unika kwamba pameharibiwa. Namwelewa, lakini simuungi mkono. Anayenung'unika kwa mwenyeji kubadilisha pazia la nyumba yake amesahau alikuja kama nani.

Halafu kuna swali gumu zaidi: kale ni nini hasa? Tumezoea kuitafuta katika mawe. Nyumba ya Mluguru wa zamani ilikuwa ya miti, udongo na nyasi, na haikutarajiwa kumpita mjenzi wake kwa miaka mingi. Iliyotarajiwa kudumu ni kitu kingine. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi kwa desturi ilikuwa ya ukoo. Mkubwa wa ukoo akifariki, mrithi hupewa jina lake na kukalia kiti chake pamoja na mahusiano yake yote, hata anaweza kuitwa babu na mtu anayemzidi umri. Kule Kinole, si mbali na Matombo, jina la Kingalu limepita hivyo kutoka kwa mtu hadi mtu tangu kabla Wajerumani hawajaiona milima hii. Ukienda leo kumsalimu Kingalu, unamsalimu mtu wa leo na wakati huohuo unaingia katika jengo la zamani sana ambalo halina ukuta.

Wajapani wana mfano wa jambo hili katika mbao. Hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwenye kiwanja cha pembeni, kwa miti mipya, kwa umbo lilelile. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013, na desturi ilianza mwishoni mwa karne ya 7. Mbao ni changa, hekalu ni kongwe, na hakuna anayeona ajabu. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, Dar es Salaam, kinaishi kwa kanuni hiyohiyo, pengine bila kuitangaza: nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa pale haziwezi kubaki zilivyo, maana nyasi huoza na udongo humomonyoka, na lazima mtu anayejua kuezeka aje aezeke. Kinachohifadhiwa ni ujuzi wa mikono yake. Siku fundi wa mwisho akiondoka bila mwanafunzi, nyumba itakuwa imekufa hata kama bado imesimama. Wala jiwe si dhamana. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha.

Lakini kitu cha kihistoria ninachokipenda kuliko vyote Matombo hakionekani kabisa. Ni lazima nieleze. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Hofu yake haikuwa ya bure: udongo wa milimani ulikuwa ukisombwa na mvua, na mito ya hapa ndiyo inayoulisha mto Ruvu. Dawa iliyoletwa ilikuwa matuta ya ngazi, yachimbwe kwa mikono, kwa amri, na asiyechimba aadhibiwe. Wakulima waliona mambo ambayo maofisa hawakutaka kuyaona. Kuchimba kwenye mteremko mkali kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, mavuno yakapungua, na kazi ilikuwa nzito mno. Tena ilinong'onwa kwamba ardhi ikishachongwa hivyo itachukuliwa. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, ghasia zikatokea, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa.

Sasa simama barabarani utazame miteremko. Unachokiona ni vilima visivyo na ngazi zile. Kutokuwepo kwake ndio mnara wenyewe. Upande wa pili wa milima, kule Mgeta, wakulima hulima mboga kwenye matuta ya ngazi mpaka leo bila kushikiwa fimbo, kwa hiyo haiwezekani kusema Waluguru walichukia ngazi kwa sababu ni ngazi. Nani atalitazama jambo hili kwa furaha isiyo na maslahi? Macho hayatoshi. Lazima mtu akusimulie, na ni vizuri awe mtu ambaye bibi yake alishika jembe siku zile. Akishasimulia, mlima uleule ulioupita asubuhi ukiusifia kijani chake unakuwa na uso. Kwangu hiyo ni raha kubwa kuliko ya kijani, ingawa najua inakaribia huzuni.

Kuna na raha ya kutoingia. Pango la Kolelo, katika milima hiihii, lilikuwa mahali pa kuombea mvua na mavuno, na sifa yake ilifika hadi kwa Wazaramo wa karibu na pwani. Wakati wa vita vya Maji Maji mwaka 1905 jina la Kolelo lilitajwa pamoja na habari za kukataa amri za Wajerumani. Ukoo nao una makaburi yake na vichaka vyake vya tambiko ambavyo havikatwi kuni. Makumbusho hutufundisha kwamba kila kilicho na maana kina haki ya kuonyeshwa, na tukilipa kiingilio tunaamini tumeruhusiwa kote. Mgeni hajui hivyo. Mlango wa chumba cha ndani ukifungwa, haoni ametukanwa. Anajua nyumba ina watu. Mimi huona mahali nilipokatazwa panakaa akilini kuliko pengine pote nilipotembezwa.

Mtu atasema haya ni anasa ya wenye nauli na nafasi. Mkulima wa Matombo, atasema, haendi "kuzuru" misheni; anakwenda kubatiza mtoto. Haendi kutazama mteremko. Anaupanda na mkungu wa ndizi kichwani. Ni kweli, na chifu wa Wairokwa angepiga makofi. Ila ninyi mliowahi kukaa na wazee wa kijiji jioni mnajua kwamba hata mwenyeji ana saa yake ya kuwa mgeni kwake mwenyewe: anapomwonyesha mjukuu mahali nyumba ya mama yake mkubwa ilipokuwa, akinyoosha mkono kwenye kichaka kisicho na kitu. Wakati huo hachumi wala hapimi. Anazuru, bila nauli.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sioni sababu mgeni wa mambo ya kale asamehewe. Mpango wa 1950 unaweza kusimuliwa leo kwa sababu uliandikwa kwenye majalada ya serikali; upande wa waliopinga umebaki vinywani, na wenye kuukumbuka kwa macho yao wamepita miaka 80. Ukipanga kwenda, ngoja masika yapite, kwa kuwa njia ya milimani kutoka Morogoro ni tabu wakati wa mvua. Anzia ofisi ya kijiji au nyumba ya mapadre, jitambulishe, omba wa kukuongoza na umlipe kwa heshima. Usipige picha ya kaburi la mtu. Chukua daftari, na mzee akikubali, andika anayosema pamoja na jina lake na tarehe, kisha nakala moja iache palepale shuleni.