Viatu Vyeusi, Barabara Nyeusi

Anayetembea gizani huyaona magari yote. Simama Igoji au Kathageri, kwenye barabara ya Embu–Meru, saa mbili usiku, na taa za gari linaloshuka kona utaziona likiwa bado mbali. Zinapotea nyuma ya migomba, zinarudi, zinakua, zinapotea tena. Muda huo unatosha kummalizia mwenzako kisa ulichokuwa ukimsimulia. Na kwa kuwa wewe umeliona gari, unatembea ukiwa na hakika kwamba nalo limekuona. Watafiti wa usalama barabarani wamelipima jambo hili mara kadhaa katika nchi mbalimbali, na jibu ni lile lile: mtu wa miguu hudhani anaonekana kutoka mbali kuliko anavyoonekana kwa kweli.

Hamia sasa kwenye usukani. Mbele yako linakuja lori, kwa hiyo umeshusha taa ili usimpofushe mwenzako. Mtu aliyevaa koti la rangi nzito na gambuti hutamwona mpaka ubakishe mita 50 hivi, na mvua ikinyesha hata hizo huzipati. Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Sekunde moja inakwisha ukishtuka tu na kuhamisha mguu kwenda kwenye breki. Lami ikiwa kavu na matairi yakiwa mazima, litasimama baada ya mita zinazokaribia 60. Kilomita 80 ndiyo kasi ambayo kidhibiti mwendo kinaruhusu matatu tangu zama za Sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Sijasema neno kuhusu magari ya miraa yanayotoka Maua, ambayo mzigo wake hunyauka na bei kushuka kila saa inayopita.

Giza letu lina tabia yake. Ikweta inaikata barabara hii kati ya Nkubu na mji wa Meru. Sisi hatuna majira ya usiku mfupi, kwamba mtu atembee salama miezi sita halafu aanze kujihadhari. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo jioni, Januari hadi Desemba, na likishazama, nusu saa haiishi giza limefunga. Kwa hiyo anayetoka kazini saa kumi na mbili hutembea gizani mwaka mzima. Mkulima wa chai anayepeleka majani Mungania, Rukuriri au Imenti anaweza kuyafikisha kituoni mapema kabisa, kisha akangoja lori la kiwanda lililokwama matopeni mpaka saa tatu, ndipo aanze safari ya nyumbani na kikapu kitupu mgongoni. Wa baa nao, ambao sheria ya vileo ya 2010 iliwapangia kuanza kunywa saa kumi na moja jioni siku za kazi, hakuna namna watarudi mchana. Alfajiri ni zamu ya watoto. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo yaanze saa mbili asubuhi, lakini mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya kutwa ametoka kwao saa ngapi.

Mwaka 2024 watu 4,748 walifariki katika barabara za Kenya kwa hesabu ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na zaidi ya theluthi yao walikuwa watu wa miguu. Basi lilipotumbukia kutoka daraja la Nithi, kwenye barabara hii hii, Julai 24, 2022 na kuua watu zaidi ya 30, nchi nzima ilijua, na ilistahili kujua. Wanaogongwa mmoja mmoja usiku hutangazwa kanisani Jumapili, ikapitishwa bahasha ya mchango, basi.

Ajabu yangu ni hii. Pita barabara hii usiku uangalie ni nini kinachong'aa. Kibao cha kona kinang'aa. Lori lina mikanda myekundu na ya manjano nyuma, na polisi wakiikosa hawaliachi. Mwendeshaji bodaboda na abiria wake wametakiwa na kanuni za 2015 wavae jaketi za riflekta. Asiye na chuma cha kumkinga, asiye na taa, asiye na honi, ndiye pekee aliyevikwa giza kuanzia kofia hadi soli.

Hapo Embu kuna fundi viatu ambaye ameanza kulishughulikia jambo hili bila kuitisha warsha. Jaketi za bodaboda zikichanika huwa hazina kazi, lakini ukanda wa fedha ulioko kifuani na mgongoni bado mzima. Yeye huufumua kwa wembe, huukata vipande vya upana wa vidole viwili, akavishona kwa uzi wa nailoni nyuma ya kisigino, na kimoja kidogo ubavuni, juu kidogo ya soli. Kwenye gambuti, ambalo halishoneki bila kuingiza maji, hutengeneza bangili ya kitambaa yenye kibandiko cha kufunga na kufungua, ukaivaa kifundoni. Malipo ni kama bei ya chai na mandazi. Nilikaa kwenye benchi lake nikingoja soli yangu, akaja mama mmoja na viatu vya mwanawe.

"Fundi, hiyo unaniwekea ya nini? Mimi sina mtu wa bodaboda."

"Hii si ya bodaboda, mama. Hii ni ya dereva."

"Na wezi je? Si nitakuwa nimewawashia taa?"

Fundi hakubishana. Alichukua simu yake ya kabambe, ile yenye tochi kichwani, akaiweka usawa wa jicho lake na kuimulika ndani ya sanduku lenye kivuli alikokuwa ametupia kiatu. Ukanda ukawaka mweupe. Kisha akampa mama simu aishike kando, yeye akitazama kutoka pale pale. "Sasa mimi sioni kitu," akasema. Mama akacheka, akaagiza na vya kwake.

Swali la yule mama si la kipuuzi, na jibu lake ndilo lililonifanya nikae na jambo hili muda mrefu. Ule ukanda umejaa chembe za kioo ndogo kama unga. Kila chembe hupokea mwanga na kuurudisha kule kule ulikotoka, si kuutawanya kama kitambaa cheupe. Aliyeshika mwanga ndiye anayeona. Mwizi aliyejibanza kwenye mibuni bila tochi anaona giza lile lile alilokuwa akiliona.

Huku kwetu tumelelewa tusijionyeshe. Mtu mzima apite kwake taratibu, asijipambe, asiulizwe ametoka wapi. Gari likimulika, wengi bado huinamisha kichwa au hugeukia ua mpaka lipite, na anayetoka baa huongeza kusogea pembeni kabisa. Kumwambia mtu wa namna hiyo avae jaketi ya kijani kibichi ni kumwomba avunje heshima yake mbele ya majirani. Kipande cha kisiginoni hakimwombi hayo. Mchana ni kijivu tu, hata hukioni. Usiku kinajionyesha kwa mtu mmoja, tena yule mwenye uwezo wa kukuua.

Kwa nini kiatu na si kifua? Kwanza, taa zilizoshushwa humulika chini, na kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto zimetengenezwa zielekee zaidi ukingo wa kushoto, ambako ndiko watu waliko. Miguu huguswa na mwanga kabla ya kifua. Pili, miguu inasogea. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Johansson, alionyesha watu filamu ambamo hawakuona chochote isipokuwa nukta za mwanga zilizowekwa kwenye viungo vya mtu: vifundo, magoti, viwiko. Nukta zikitulia hazikuwa na maana. Zilipoanza kutembea, watazamaji walijua papo hapo kwamba huyo ni binadamu. Ukanda wa kifuani dereva anaweza kuudhania kibao au kigingi cha barabarani. Nukta mbili zinazopokezana kupanda na kushuka hazina cha kufananishwa nacho ila mtu anayetembea, na mguu wa dereva unaacha mafuta kabla hajafikiri.

Wenzetu wa Ufini, ambao usiku wao wa Desemba hauishi, wana sheria inayomtaka mtu wa miguu avae kiakisi gizani. Walikianza kwa mikokoteni ya farasi: mtengenezaji wa plastiki aitwaye Arvi Lehti alikuwa akiviunda vya mikokoteni, ndipo wazo likahamia kwa mwenye miguu miwili. Hata kule mzigo ulitangulia kuonekana kabla ya mtu.

Anayekwenda soko la Gakoromone mjini Meru kuchagua viatu vya mitumba asipite haraka raba za kukimbilia. Nyingi zilizaliwa na mikanda hiyo kisiginoni, na mnunuzi hudhani ni urembo. Ila atazame na mbele. Ukitembea unavyopaswa, upande wa kulia ukiyakabili magari, yanayokukaribia hayaoni kisigino chako hata kidogo, na ndiyo maana bangili inayozunguka kifundo inaushinda ukanda wa nyuma. Aupanguse ukanda pia. Udongo wetu mwekundu ukikauka juu yake hakuna cha kuakisi, na ukanda wa aina ya kitambaa ukilowa hupungua nguvu, wakati mvua ndiyo saa unayoihitaji.

Nina wasiwasi mmoja, na si mdogo. Tukishaanza kusema habari za riflekta, kesho akigongwa mtu tutauliza alivaa nini, si gari lilikuwa linakwenda kasi gani. Najua jinsi maneno hayo yanavyosikika matangani. Barabara hii ina sehemu ndefu ambapo lami inakatika ghafla na mtaro unaanza, na mtu hana pa kuweka mguu. Taa ndefu za mulika mwizi zinaangaza soko, halafu zinaishia pale wateja wanapoishia. Anayelipwa kujenga kijia cha miguu asije akanunua kanda za shilingi chache akaziita mradi, akapiga picha na watoto. Lakini kijia hicho kitachukua bajeti na bajeti, na mama wa kituo cha chai anarudi nyumbani leo.

Na kule kudhani tumeonekana hatukuachi barabarani. Baba anachoka miaka kwa ajili ya nyumba yake akiamini watoto wanaona. Watoto wanaona mtu anayeingia usiku amenuna, basi. Mfanyakazi anayefika wa kwanza kila siku hudhani mkubwa wake amemwandika mahali. Tunawaona wenzetu vizuri sana, tukadhani kuona huko kuna pande mbili.

Shule moja ya kutwa niijuayo, iliyo kando ya barabara hii, ina kanuni ya sare inayosema viatu viwe vyeusi, vya ngozi, bila urembo. Katika mkutano wa wazazi baba mmoja, dereva wa lori la mchanga, alisimama akauliza kama riflekta ni urembo. Mwalimu akasema kanuni ni kanuni. Mzazi mwingine akasema wakiruhusu fedha leo, kesho ni dhahabu. Mwenyekiti akalipeleka kwenye mengineyo ya mkutano ujao, na muhula ukafungwa. Siku hizi watoto wa yule dereva hufunga bangili zao kifundoni alfajiri na kuzivua wakifika langoni. Anayewaamuru wazivue ni bawabu, naye amevaa jaketi ya riflekta usiku na mchana.