DENI KWA JIRANI, PESA TASLIMU KWA MGENI

Somo: Luka 11:5–8, Mithali 27:10



Wapendwa, Jumapili iliyopita niliwaambia kama kawaida yetu, "Mgeukie jirani yako, umwambie Mungu anakujua." Mkageuka, mkacheka, mkashikana mikono. Kisha nikauliza: na jirani yako wa Jumatatu ni nani? Kanisa likanyamaza. Basi ujumbe wenyewe ndio huo.

Katika Luka 11 Bwana Yesu anamzungumzia mtu aliyefikiwa na mgeni usiku wa manane, na nyumbani hamna mkate. Soko limefungwa. Anakwenda kugonga kwa rafiki yake, anataka kuazimwa mikate mitatu. Yule wa ndani amelala na watoto wake, analalamika, lakini mwishowe anaamka na kumpa. Tumezoea kuhubiri hapa juu ya kuomba bila kuchoka, na ni sawa kabisa. Lakini hebu tuangalie jambo moja dogo: palikuwa na mlango wa kugonga. Kama yule rafiki angekuwa amefunga nyumba na kuhama, mgeni angelala njaa. Naye Suleimani katika Mithali 27:10 anatufundisha kwamba siku ya msiba, jirani wa karibu anakufaa kuliko ndugu aliye mbali.

Hapa Munje mlango huo tunaujua. Ni duka. Mtoto ameshikwa na homa usiku, unagonga dirisha. Huna pesa ya chupa nzima ya mafuta, unapimiwa ya shilingi ishirini. Sukari robo, kibiriti kimoja. Na kama mfukoni hamna kitu, unasema neno moja tu: "Andika." Anaandika.

Mnakumbuka mwaka 2020. Machi corona iliingia Kenya, hoteli za Diani zikafungwa, ndugu zetu wa jikoni, wa bustani na wa usafi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Aprili tukazuiwa hata kuingia na kutoka Kwale. Nani alitulisha? Mungu alitulisha, amina. Lakini alitumia daftari la mwenye duka.

Sasa niungame yangu. Mke wangu alihitaji seti ya sufuria. Dukani kwa mzee wetu ni shilingi 2,400. Kwenye simu nikaiona kwa 1,950. Nikasema hii ni baraka, nikalipa kwa M-Pesa, nikaenda Ukunda kuchukua mzigo. Niliporudi na boksi mbele ya boda, tukapita pale dukani. Mzee alikuwa amekaa barazani. Aliliangalia boksi, akaniangalia mimi, akasema, "Mchungaji, za safari?" Basi. Hakuongeza neno. Na katika daftari lake jina langu lilikuwa na deni la shilingi 3,870, la unga na sukari ya miezi miwili.

Wapendwa, usiku ule sikulala. Nilipiga hesabu: niliokoa 450, nauli ya kwenda na kurudi ikala 300. Kwa faida ya shilingi 150 nilimwachia jirani deni, nikampelekea mtu nisiyemjua pesa taslimu.

Asubuhi nilikwenda kulipa. Mzee akafunua daftari, akapitisha kurasa akitafuta jina langu. Nikaona majina mengine. Sitayataja, lakini mengi nayajua, maana nayataja kila Jumatano katika maombi. Nikauliza, yule kijana wako wa kupima unga yuko wapi? Akaniambia amemrudisha nyumbani. Pesa za kununua mali mpya hazipo, ziko ndani ya daftari. Na kijana yule ni wa kwetu, ni wa kwaya. Kazi yake tuliila sisi wenyewe, huku tukimwombea apate kazi.

Sisemi kununua kwa simu ni dhambi. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na leo sadaka zetu nyingi zinapita humo. Jumia ilifika Kenya mwaka 2013, Kilimall mwaka 2014, na kuna vitu ambavyo Munje hatuvipati. Dada zetu humu wanauza madera kwa WhatsApp wakasomesha watoto, na vijana wa boda wanapata riziki kwa kubeba mizigo hiyo. Mungu awazidishie. Lakini tusidanganyike kwamba duka la simuni limetushika mkono. Aprili 2019 Jumia iliingia katika soko la hisa la New York. Novemba mwaka huohuo ilifunga shughuli zake kwa jirani zetu Tanzania. Hesabu haikulipa, ikaondoka. Kampuni ndivyo inavyofanya, sina ugomvi nayo. Ila siku ya homa ya mtoto usiigongee simu ukiiambia "andika."

Nina mambo matatu ya kutuacha nayo.

La kwanza, lipa deni kabla ya kuagiza. Paulo katika Warumi 13:8 hataki tubaki na deni lingine isipokuwa la kupendana. Kuna watu humu wanazunguka njia ya minazini ili wasipite dukani, kisha Jumapili wanaimba kwa sauti kubwa. Mzee yule si wa kanisa letu, anaswali msikitini. Injili anayoisoma ni ile iliyoandikwa katika daftari lake, mbele ya majina yetu. Tumeandika nini pale?

La pili, hesabu bei yote. Bei ya simuni haina nauli, haina siku ya kurudisha kitu kilichovunjika, haina mshahara wa kijana wa hapa. Ukishahesabu vyote na bado simu ina nafuu, nunua kwa amani.

La tatu ni kwenu wenye maduka na vibanda. Mithali 11:1 inasema wazi kwamba Bwana anachukia mizani ya udanganyifu. Usipandishe bei kwa sababu jirani hana pa kwenda. Usipunje robo ya sukari. Kibaba kikiwa haki na neno likiwa zuri, mteja atarudi. Tusimlaumu mtu kwa kuukimbia mlango ambao ulikuwa unamwibia.

Wiki hii kila mmoja aende dukani aulize, "Jina langu lina kiasi gani?" Huna yote? Peleka mia mbili, lakini peleka na uso wako. Mimi nimeshamaliza langu, na mzee alinipa peremende nimpelekee mtoto. Nililia njiani.

Tuombe. Baba, tusamehe pale tulipomkwepa aliyetulisha. Tupe mikono ya kulipa na macho ya kumwona jirani. Mrudishe kijana wetu kazini, na mlango wa usiku wa manane usifungwe hapa Munje. Katika jina la Yesu, amina.