Je, Nia Njema Yatosha?

Mara nyingi hutokea katika usharika mtu akatenda jambo kwa upendo, nalo likaleta madhara. Akiulizwa hujibu, "Nia yangu ilikuwa njema." Nasi humwachilia upesi, kana kwamba neno hilo limemaliza shauri. Je, limemaliza kweli? Na tutazame habari moja ya madaktari, tupate kufikiri.

Kuwatunza wagonjwa mahututi ni kazi ya haraka. Mtoto huletwa ana homa kali, mikono na miguu imekuwa baridi, damu haizunguki vema, naye apumua kwa shida. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kumtia mtoto wa namna hiyo maji mengi mishipani kwa upesi, wakiamini ya kuwa ndiyo njia ya kumwokoa. Daktari Kathryn Maitland, mtabibu wa watoto kutoka Uingereza aliyefanya utafiti wake miaka mingi huko Kilifi katika Kenya, aliona ya kuwa jambo hilo halijapimwa sawasawa kwa watoto wa Afrika, ambao hospitali zao nyingi hazina mashine za kumsaidia mgonjwa kupumua.

Basi mwaka 2009 yeye na wenzake wakaanza kulipima katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto waligawanywa kwa kura: wengine walipewa maji mengi kwa upesi, wengine yale ya kiasi tu, na wote walitibiwa ugonjwa wao. Tumaini lilikuwa ya kwamba maji mengi yangewaokoa wengi. Lakini Januari 2011, watoto 3,141 walipokwisha kuingizwa, kazi ilisimamishwa. Maana katika saa 48 za kwanza, kwa kila watoto 100 waliopewa maji mengi walikufa 10 na zaidi. Na kwa kila 100 wasiopewa walikufa 7 na zaidi kidogo. Tiba iliyoaminiwa ilikuwa imezidisha vifo.

Hapa wengine watauliza, Ni haki gani kumpigia kura mtoto wa mtu? Neno hili si dogo, wala hatupendi kulipita. Mtoto si chombo cha kujaribia. Ameumbwa na Mungu, na mama yake amlilia. Wazazi waliombwa ruhusa. Na pale ambapo hali ya mtoto haikungoja, waliombwa kwa maneno machache kwanza, wakaelezwa yote baadaye. Hata hivyo twakiri ya kuwa mzigo huo ni mzito.

Lakini tufikiri na upande wa pili. Kabla ya kupima, madaktari walikuwa wakijaribu kila siku pasipo kujua ya kuwa wanajaribu, wala hapakuwa na mtu wa kuhesabu. Kosa lisilohesabiwa halina mwisho. Nao waliotumaini jibu jingine hawakuificha habari hiyo iliyowapinga. Waliitangaza mwaka uo huo wa 2011, ili watoto wengine wapone. Huo nao ni upendo, tena wenye uchungu.

Tuonye neno moja: watoto wenye ugonjwa wa kuhara hawakuwamo katika hesabu hiyo. Mtoto anayehara na apewe maji, na kupelekwa hospitali.

Na sisi je? Twatoa mashauri kwa wenye ndoa, twawarudi wakosaji, twagawa sadaka kwa maskini. Ni mara ngapi tumerudi baada ya mwaka kuuliza kama tumesaidia au tumeumiza? Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike kuyapima mambo yote, wala hakuyatenga matendo yetu mema. Nia njema ni mwanzo wa kazi, si mwisho wake. Upendo usiokubali kuulizwa umekwisha kuchanganyika na kiburi.

Mungu atujalie moyo wa kuuliza, na unyenyekevu wa kulipokea jibu.