Opereta, Cheni Iko Mikononi Mwako

Ndugu yangu unayekalia kiti cha buldoza au eskaveta, haya ni yako. Katika maisha ya buldoza, hata nusu ya gharama za matengenezo inaweza kuishia chini yake: kwenye cheni, pini, bushi, rola na sproketi. Fundi huitwa vyuma vikishalika. Bosi hupata habari siku ya kununua spea. Anayekuwa navyo kila dakika vinapozunguka ni wewe, na hakuna mtu mwingine saiti nzima mwenye uwezo wa kuvirefushia maisha kukuzidi.

Anza na tope. Udongo wa mfinyanzi ukijaa kwenye meno ya sproketi, bushi haikai tena mahali pake na cheni inakaza kama kamba ya upinde. Rola zikigandwa na tope haziviringiki. Zinaburuzwa mpaka zinakuwa bapa upande mmoja. Zima injini, chukua chepeo jioni hiyo hiyo, tope likiwa bado laini! Wewe wa eskaveta una njia nyepesi zaidi: geuza mkono wa mtambo upande, kandamiza ndoo ardhini mpaka cheni ya upande huo inyanyuke, kisha izungushe mbele na nyuma ili tope lidondoke.

Wengi hukaza cheni kupita kiasi kwa kuogopa itachomoka. Iliyolegea mno huchomoka kweli, lakini iliyokazwa mno inakula bushi, sproketi na gurudumu la mbele kila inapozunguka, na dizeli inaungua bure. Pima ulegevu wa cheni mtambo ukiwa na tope lile lile unalofanyia kazi, ufuate kitabu chake. Ukitaka kulegeza, fungua valvu ya grisi taratibu na usiielekezee uso. Presha iliyomo inaweza kukuua.

Sasa uendeshaji wenyewe. Buldoza ikirudi nyuma, mvutano unapita cheni yote ya juu hadi gurudumu la mbele, na bushi zinasagana na meno ya sproketi. Basi rudi polepole, na usirudi pasipo haja. Kona kata pana, kulia na kushoto kwa zamu. Cheni ikianza kuteleza, punguza mzigo wa bledi papo hapo: cheni inasagika, na kazi haisogei.

Mwaka 1904 Benjamin Holt aliijaribu trekta yake ya cheni Stockton, California, kwa sababu ardhi laini ya huko ilikuwa inameza magurudumu. Cheni ilibuniwa ibebe uzito pasipobebeka. Kuitembeza kilomita kadhaa juu ya moramu na kokoto eti trela limechelewa ni kuiua. Dai trela! Dai kwa heshima, lakini dai, na msimamizi akikuuliza, mwambie bei ya cheni mpya.

Na mwite fundi apime mapema. Bushi huliwa upande mmoja, hivyo kwenye cheni nyingi pini na bushi zikiwahiwa kabla ya kupita kipimo hugeuzwa, zikaendelea kufanya kazi kwa upande mzima. Zikipita, ni kununua. Leo jioni, kabla hujakabidhi funguo, zunguka mtambo wako pande zote. Tafuta rola inayovuja mafuta, boliti iliyolegea, bamba lililopinda. Andika ulichokiona kwenye daftari la saiti, na kesho ulizia kimefanyiwa nini.