Jemadari Aliyekubali Kufundwa

Jumapili asubuhi mjini Machakos vipaza sauti vya makanisa hushindana kutoka kila upande. Baadhi ya makanisa hayo yalizaliwa na maombi, mengine na ugomvi: mtu amekosana na askofu wake, akakodi chumba, akanunua viti vya plastiki, na kabla mwezi haujaisha naye akawa askofu. Hao ndio ningependa wasikie habari za Semei Kakungulu wa Uganda.

Mwaka 1899 mtawala wa Kiingereza John Ainsworth alihamisha makao yake ya utawala kutoka Machakos kwenda Nairobi, reli ikiwa imeupita mji wetu kando. Mwaka huohuo Kakungulu alikuwa kileleni. Jemadari huyu wa Kiganda alikuwa miongoni mwa waliowakamata wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda kwa niaba ya Waingereza. Kisha akaingia mashariki, akaitiisha Bukedi kwa bunduki, akitumaini kutawazwa mfalme huko. Waingereza walipokwisha kumtumia walimwondoa kwenye makao yake ya Budaka, mwaka 1902, wakamwachia maili 20 za mraba za ardhi Mbale. Baadaye walimpa cheo Busoga, nacho kikaisha. Ufalme hakuupata ng'o.

Mtu aliyenyimwa kiti hutafuta kingine, na dini ina viti vingi visivyo na mwenyewe. Kakungulu akajiunga na Wamalaki, dhehebu lililokataa dawa za hospitali. Huku akisoma Biblia peke yake, akazidi kuvutwa na Torati. Mwaka 1919 alijitahiri, akawatahiri na wanawe. Alipoambiwa kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu kuwa basi naye ni Myahudi. Katika jibu hilo mimi nasikia hasira nyingi kuliko imani. Watu wake waliendelea kubatiza, kwa sababu hapakuwa na wa kuwaambia vingine, na nani angethubutu kumsahihisha jemadari?

Mwaka 1920 akatokea Myahudi mgeni, aliyekumbukwa kwa jina moja tu, Yosef. Alikaa na Kakungulu kama nusu mwaka, akimfundisha jinsi Sabato inavyoshikwa, sikukuu zinavyohesabiwa, na nyama ipi inalika na imechinjwaje. Akamwambia pia kwamba ubatizo hauna nafasi katika dini hiyo. Mtu aliyezoea kuamuru majeshi akaketi mbele ya mpita njia, akakubali kwamba amekosea, ubatizo ukakoma. Kwangu mimi Uyahudi wa Mbale ulianza siku hizo, si ile siku ya kisu.

Torati yenyewe inamsifu Musa kwa unyenyekevu. Na marabi wa kale husimulia kwamba milima ilishindana, kila mmoja ukidai Torati ishukie juu yake, Mungu akachagua Sinai kwa kuwa ulikuwa mfupi na haukujisifu. Hadithi hiyo ingefaa sana kusimuliwa chini ya vilima vya Iveti na Mua, penye mahubiri mengi ya kupanda juu.

Kakungulu alifariki mwaka 1928, na sehemu ya wafuasi wake wakarudi Ukristo. Walikuwa wamemfuata yeye. Waliobaki, wanaoitwa Abayudaya, walilelewa na wazee kama Samson Mugombe. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao waliomba kwa kificho, na jamii iliyokuwa na maelfu ikabaki na watu kama 300.

Mwaka 2002 marabi kutoka nje walifika kuwaongoa rasmi. Wazee walioshika Sabato tangu utotoni, hata chini ya Amin, walitakiwa wahojiwe na kuzama majini kama watu wanaoanza leo. Wangeweza kukasirika, tena kwa haki. Kakungulu wa mwaka 1919 bila shaka angekasirika. Wao walikuwa na kiu ya kuungana na Wayahudi wenzao kuliko kiu ya kuheshimiwa, na watu wapatao 400 wakaingia majini.

Mmoja wa vijana wa jamii hiyo, Gershom Sizomu, alikwenda kusoma Los Angeles, akawekwa wakfu kuwa rabi mwaka 2008, akarudi Mbale kufundisha. Mwaka 2016 alichaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Kiti, kile alichokitamani jemadari, kikawa mtihani wa mwanafunzi wake wa kizazi cha baadaye.