Ghorofa Huishia Wapi?

Nimewahi kuwauliza wahandisi wawili watatu ni nini kinachoamua ghorofa liishie wapi, na wote walianza kwa kucheka. Zege na chuma vinaweza kwenda juu kuliko macho yetu yalivyozoea. Burj Khalifa ya Dubai ina mita 828, na katika hizo, zaidi ya mita 240 za juu kabisa hakai mtu. Zipo zitazamwe tu.

Kinachosema basi, mara nyingi, ni lifti. Mwaka 1930 W.C. Clark, mwanauchumi, na J.L. Kingston, msanifu majengo, walipiga hesabu ya jengo la kufikirika kwenye kiwanja kimoja jirani na stesheni ya Grand Central, New York. Wakaona faida kubwa zaidi ingepatikana kwenye ghorofa 63. Ukizidi hapo, watu wa juu wanadai lifti zaidi, na lifti hizo lazima zipite katikati ya ghorofa zote za chini, zikila nafasi ambayo ungeipangisha. Bei ya kiwanja inakusukuma juu, lifti inakurudisha chini. Naipenda hesabu hii kwa ukweli wake mkavu. Ila mwaka mmoja tu kabla yake, katika jiji hilohilo, wajenzi wa jengo la Chrysler walikuwa wameunda mnara wa chuma kwa siri ndani ya jengo, kisha wakauchomoza ghafla ili wawapite wapinzani wao wa 40 Wall Street. Hakuna mpangaji aliyekuwa akiusubiri mnara ule.

Pesa na majivuno, basi. Mimi kinachonisumbua ni cha tatu: nani ana haki ya kukataza? Ukisimama kwenye kilima cha King Henry's Mound, ndani ya Richmond Park, London, unaliona kuba la kanisa la St Paul's lililo umbali wa kilomita 16 hivi, na mwonekano huo unalindwa usizibwe. Kutazama tu, jambo lisilomwingizia mtu hata senti, kuna nguvu ya kumfanya tajiri abadilishe ramani yake. Najua hoja ya upande wa pili: jiji lenye uhaba wa nyumba likikataza watu kwenda juu, anayelipia ni mpangaji. Ni hoja nzito. Hata hivyo nawaonea wivu watu ambao macho yao yanahesabiwa.

Kwetu Dar es Salaam, Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Iliripotiwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10.

Huwa nazirudia kichwani zile sita: ya 11, ya 12, ya 13. Ghorofa haliongezwi usiku mmoja. Mafundi walifunga nondo, wakamwaga zege, wakasubiri likauke, wakaanza tena, mchana kweupe, katikati ya jiji. Maelfu tulipita pale chini. Siwezi kusema mpita njia ana hatia, kwa sababu hakujua namba iliyoandikwa kwenye kibali. Hakuwa na namna ya kuijua. Lakini huyohuyo ndiye aliyekuwa chini ya jengo, pamoja na wale watoto. Aliyebeba hatari hakuwa na neno, na waliokuwa na neno hawakulisema kwa sauti ya kutosha kusimamisha hata ghorofa moja.

Kwenye maeneo ya ujenzi huwa kuna kibao chenye jina la mkandarasi na la mshauri. Ningetaka kiandikwe pia, kwa tarakimu kubwa za rangi nyekundu, idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa, ili hata muuza kahawa wa kona ile aweze kuinua kichwa na kuhesabu.