Mgeni Anaporudi

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Bali juu ya mgeni aliyekwisha kulima, akaenda zake kwao, kisha akarudi akiwa na fedha mkononi, mimi sijapata kusikia methali. Na wageni wa namna hiyo wapo. Tangu mwaka 2008 serikali ya Ujerumani husaidia gharama za vijana wa miaka 18 hadi 28 wanaokwenda kujitolea katika nchi za mbali, na wengine wao hufika Tanzania. Kijana akiisha kumaliza muda wake huaga. Wako wasioweza kusahau. Hao hurudi, au hutuma msaada. Je, kurudi huko ni hisani, au ni deni?

Mimi nasema ni deni. Maana alipofika hakujua kusalimu wala kuwasha moto. Mama wa jirani alimfundisha, akamlisha, akamwuguza homa. Lakini hapo ndipo ilipo shida, kwa kuwa deni hulipwa kwa kitu akitakacho mwenye kudai, si kwa kitu akipendacho mdaiwa.

Tutazame habari za Albert Schweitzer. Mchungaji huyu, tena fundi wa kupiga kinanda, alianza kujifunza udaktari akiwa na umri wa miaka 30, na mwaka 1913 akaenda Lambaréné, kando ya mto Ogowe katika nchi ya Gabon, akaanzisha hospitali kwa fedha alizozikusanya mwenyewe. Mwaka 1917, wakati wa vita, Wafaransa walimpeleka Ulaya kuwa mfungwa pamoja na mkewe Helene, kwa sababu walikuwa raia wa Ujerumani. Baadaye angeweza kukaa kwao: alikuwa na mtoto mdogo, na mke asiye na afya njema, na madeni juu yake. Akapiga kinanda na kutoa hotuba mpaka akalipa madeni, na Aprili 1924 akafika tena Lambaréné. Akakuta mapaa yameanguka, nyasi zimefunika njia. Basi asubuhi alitibu wagonjwa, mchana alijenga. Tena alikubali jamaa za mgonjwa wakae naye na kumpikia chakula alichokizoea. Hapo, naona, alilipa deni kama mwenye kudai alivyotaka.

Lakini si yote yaliyokuwa hivyo. Schweitzer alijihesabu kuwa ndugu wa Mwafrika, ila ndugu mkubwa. Na ndugu mkubwa haulizi, huamua. Gabon ilipata uhuru mwaka 1960, nyakati zikageuka, naye mzee akazidi kuiongoza hospitali kwa desturi zake za zamani, hata wengi wakamlaumu, mpaka alipofariki huko huko mwaka 1965. Mimi simhukumu, maana aliyaacha mengi kuliko wengi wetu tutakavyoacha. Nauliza tu: katika nyumba ya watu, mgeni awezaje kuwa ndugu mkubwa?

Hata hivyo kosa si la mgeni peke yake. Sisi wenyeji tuna adabu inayofanana na uongo. Mgeni akituuliza, "Je, niwajengee nyumba ya vitabu?" twaitikia, "Ndiyo, tumeshukuru sana," nasi twajua ya kuwa kisima kimekauka. Twaogopa kwamba tukikataa hiki tutakosa na kile. Nyumba hujengwa, hufungwa kwa kufuli, popo huingia. Naye mgeni huenda kwao akifikiri amelipa.

Katika usharika mmoja nilikuwapo mgeni wa namna hiyo aliporudi. Wazee wote tulimsifu na kuyakubali maneno yake yote, nami katika hao. Ndipo bibi mmoja, aliyempikia uji zamani zile, akainuka akasema, "Mwanangu, karibu nyumbani. Kitu hicho ulichokileta hatukihitaji." Tuliona haya, tukatazama chini. Mgeni naye alinyamaza kitambo. Kisha akasogeza kiti chake karibu na yule bibi, akamwuliza siku hizi anachota maji wapi.